Ameenda choo lini? Swali tunalosahau kliniki ya akili

Miaka zaidi ya kumi iliyopita, nikiwa daktari kijana katika hospitali moja ya mkoa, mama mmoja alimleta mwanawe kliniki ya afya ya akili. Kijana alikuwa na miaka 24. Miezi mitano nyuma alikuwa halali usiku, anasikia sauti za watu asiowaona, na anaamini majirani wanamtilia sumu kwenye ndoo ya maji. Siku ile alikuja amenyoa, amevaa shati safi, akanisalimia shikamoo bila kusukumwa. Dawa zilikuwa zimefanya kazi.

Nilikuwa namalizia kuandika dawa za mwezi unaofuata mama aliponisogelea na kusema kwa sauti ya chini, ili kijana asione aibu: "Daktari, leo siku ya sita huyu hajaenda choo. Na chakula ameanza kukikataa."

Benchi la nje lilikuwa limejaa. Nilimjibu bila kuinua kichwa: "Mpe papai, mama, na anywe maji mengi." Kwenye faili nikaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Usiku wa tatu baada ya hapo kijana aliletwa hospitali akitapika maji ya kijani, tumbo limejaa kama ngoma. Waliompokea waliposikia ni mgonjwa wa akili, walidhani amekunywa sumu, na saa kadhaa zikapita wakiitafuta. Asubuhi alipofanyiwa upasuaji, utumbo mpana ulikutwa umetanuka na sehemu yake imeshakufa. Alifariki wodini siku ya pili.

Mama yake hakupiga kelele. Aliniuliza kama zile dawa nilizokuwa naandika ndizo zilizofunga tumbo la mwanawe. Nilimwambia inawezekana kabisa. Akaniuliza tena: "Sasa mbona hamkutuambia?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana wiki hii naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu, madaktari na familia, tunaona haya kulitaja: haja kubwa ya mtu anayetumia dawa za magonjwa ya akili. Msimamo wangu ni kwamba swali la choo linastahili uzito uleule tunaoupa swali la sauti na la usingizi, na kwamba mgonjwa na familia yake wana haki ya kuambiwa hatari hii siku ya kwanza ya dawa, kabla tumbo halijavimba.

Dawa ya kichwani inavyofika tumboni

Utumbo una misuli inayojikunja na kuachia, mfano wa mkono unaokamua tyubu ya dawa ya meno kutoka chini kwenda juu. Misuli hiyo hupata amri kupitia kemikali za mishipa ya fahamu, na mojawapo muhimu inaitwa asetilikolini. Dawa nyingi za magonjwa ya akili, pamoja na kazi nzuri zinayofanya kwenye ubongo, huizuia pia kemikali hiyo tumboni. Matokeo yake mwendo wa utumbo hupungua. Choo hukaa muda mrefu kwenye utumbo mpana, maji yake hufyonzwa, na kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyokuwa kigumu.

Kwa watu wengi tatizo huishia kwenye choo kigumu kinachotibika kirahisi. Kwa wachache utumbo husimama kabisa, hali ambayo sisi tunaiita utumbo kupooza. Choo na gesi hurundikana, utumbo hutanuka, na mishipa midogo ya damu kwenye ukuta wake hubanwa. Sehemu isiyopata damu hufa. Vijidudu vilivyokuwa ndani huvuja kwenda tumboni na kwenye damu. Wakati mwingine utumbo mpana uliojaa hujisokota wenyewe. Wakati mwingine mgonjwa hutapika, matapishi yakaingia kwenye mapafu. Kutoka choo kigumu hadi hatari ya kifo panaweza kuchukua wiki, na panaweza kuchukua siku chache tu.

Kinachosumbua zaidi ni kwamba mgonjwa mwenyewe anaweza asilalamike. Baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia hawahisi au hawaelezi maumivu kama watu wengine. Wengine dawa zimewapa usingizi mzito. Wengine walishalalamika mara kadhaa, wakaambiwa ni mawazo yao, wakanyamaza.

Somo la klozapini

Dawa inayojulikana zaidi kwa hatari hii ni klozapini. Naomba nieleweke: ni dawa nzuri sana. Kwa mgonjwa wa skizofrenia ambaye dawa mbili tofauti zimeshindwa kumsaidia, klozapini ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kumrudisha kwenye maisha yake, na hupunguza hatari ya mgonjwa kujiua. Nimeona watu waliokuwa wamekatiwa tamaa wakirudi kulima, kuuza duka na kulea watoto.

Lakini historia yake ina funzo. Mwaka 1975 nchini Finland wagonjwa kadhaa waliokuwa wakiitumia walikufa baada ya chembe nyeupe za damu kushuka ghafla. Dawa ikaondolewa sokoni katika nchi mbalimbali. Iliporuhusiwa Marekani mwaka 1989, ilikuja na sharti la kupima damu mara kwa mara, na sharti hilo limeokoa maisha ya wengi. Leo daktari yeyote anayeandika klozapini anajua kupima damu. Ukimuuliza kuhusu choo cha mgonjwa wake, mara nyingi hatakuwa na jibu.

Na utumbo unaua. Watafiti wa New Zealand na Australia walipopitia taarifa za madhara ya klozapini za miaka 22 katika nchi hizo mbili, walikuta watu 160 waliopata madhara makubwa ya utumbo kusimama. Kati yao 29 walifariki. Ni karibu mtu mmoja katika kila watano au sita.

Kundi lilelile la New Zealand, likiongozwa na daktari wa akili Susanna Every-Palmer, lilipima mwaka 2016 muda ambao chakula hutumia kupita kwenye utumbo mpana. Kwa waliotumia klozapini, muda wa katikati ulikuwa zaidi ya saa 100, yaani zaidi ya siku nne. Kwa waliotumia dawa nyingine za aina hiyo ulikuwa karibu siku moja. Wanane kati ya kila kumi waliotumia klozapini walikuwa na utumbo unaokwenda polepole kuliko kawaida, awe mwanamke au mwanamume, kijana au mzee, mgeni wa dawa au mzoefu.

Mamlaka za dawa zimeshaonya. Ya Uingereza ilitoa tahadhari mwaka 2017, na ya Marekani ikaongeza ukali wa onyo lake Januari 2020, ikiwataka madaktari wamuulize mgonjwa kuhusu choo kabla ya kuanza klozapini na wakati wote wa matibabu, na wakwepe kuichanganya na dawa nyingine zinazopunguza mwendo wa utumbo.

Mchanganyiko wetu wa kila siku

Msomaji anaweza kusema, mwanangu hatumii klozapini, hili halinihusu. Linakuhusu. Yule kijana wangu naye hakuwa akitumia klozapini. Alikuwa kwenye mchanganyiko ambao mtu yeyote aliyepita kliniki zetu za akili anaujua: haloperidoli asubuhi na jioni, klopromazini usiku, ambayo wengi mnaiita kwa jina la Largactil, na vidonge vya Artane.

Artane hutolewa kuzuia kukakamaa, kutetemeka na shingo kupinda kunakoletwa na haloperidoli na zinazofanana nayo. Ni msaada mkubwa kwa mtu aliyekakamaa. Ila kazi yake yenyewe ni kuizuia ile asetilikolini niliyoieleza, na hivyo hupunguza mwendo wa utumbo. Klopromazini nayo hufanya hivyo. Ukiziweka pamoja, mzigo wote unaangukia tumbo moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, unashauri dawa za jamii ya Artane zisitolewe kwa mazoea kwa kila mgonjwa anayeanza dawa za akili, bali kwa anayezihitaji. Kwetu wapo wanaozimeza kwa miaka bila mtu kuuliza kama bado zinahitajika.

Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu wagonjwa wa skizofrenia zaidi ya 26,000, ulionesha kwamba hatari ya utumbo kusimama iliongezeka kwa watumiaji wa klozapini na pia kwa watumiaji wa baadhi ya dawa za zamani za akili. Iliongezeka vilevile kwa waliopewa pamoja nazo dawa za jamii ya Artane, dawa za sonona za jamii ya amitriptilini, au dawa kali za maumivu za jamii ya mofini.

Kwa hiyo usihesabu kidonge kimoja kimoja. Hesabu vyote anavyomeza. Amitriptilini ya usingizi, Piriton ya mafua, tramadoli ya maumivu ya mgongo na vidonge vya kuongeza damu vyote vinaweza kuongeza ugumu wa choo. Kila mara unapokwenda duka la dawa, mtajie mhudumu dawa za akili anazotumia mgonjwa. Njia rahisi ni kubeba maboksi au kuyapiga picha kwenye simu.

Makosa matatu tunayoyafanya nyumbani

La kwanza ni Buscopan. Mgonjwa anashika tumbo, ndugu anakimbilia duka la dawa, anapewa Buscopan kwa sababu ndiyo dawa ya tumbo la kukata. Dawa hiyo hutuliza tumbo kwa kulegeza misuli ya utumbo. Kwa mtu ambaye utumbo wake tayari umelegea na kusimama, tunakuwa tunaongeza breki kwenye gari lililokwama. Maumivu yanaweza kupungua kidogo, familia ikatulia, na muda wa kumwokoa ukapotea.

La pili ni dawa ya kuzuia kuharisha. Choo kigumu kikiziba njia, maji maji ya juu yake hupenyeza pembeni na kuvuja. Mgonjwa anachafua nguo, familia inasema anaharisha. Mtu ambaye hakupata choo kwa siku nyingi kisha akaanza kuvuja choo chepesi kidogo kidogo, asipewe dawa ya kufunga. Apimwe kwanza. Mara nyingi daktari akipapasa tumbo na kupima kwa kidole njia ya haja kubwa anaigundua hali hii palepale.

La tatu ni dawa kali za kuharisha, za mitishamba au za dukani, anazopewa mgonjwa ambaye tumbo limeshavimba na anatapika. Najua nia ni njema. Wazee wetu walitusafisha matumbo tangu utotoni. Lakini kusukuma kwa nguvu utumbo ulioziba kunaweza kuupasua. Tumbo likishavimba na kuuma, dawa yake ni hospitali.

Mtoto asiyeweza kusema

Wazazi wa watoto wenye usonji au ulemavu wa akili nawaomba wasome sehemu hii mara mbili. Baadhi ya watoto hawa hupewa risperidoni au dawa inayofanana nayo ili kupunguza hasira na kujiumiza. Wengi wao walikuwa na shida ya choo hata kabla ya dawa, kwa sababu wanachagua chakula au wanaogopa choo chenyewe. Mtoto asiyeongea hawezi kukwambia tumbo limejaa. Atakataa kula. Atajipiga tumboni, atalala amejikunja, ataanza upya kupiga kelele na kujing'ata.

Mzazi akija kliniki na kusema mtoto amekuwa mkorofi tena, ni rahisi sana kwetu kuongeza dozi. Naomba kabla ya kukubali dozi iongezwe, mzazi umkumbushe daktari: "Tafadhali mpapase tumbo kwanza." Nimeshaona mtoto aliyetulia baada ya kusaidiwa kupata choo, na dozi yake ikabaki ileile.

Nini kifanyike nyumbani

Anzeni na kalenda. Chukua kalenda ya ukutani, na kila siku mgonjwa anapopata choo weka alama. Kama ni mtu mzima anayejiweza, aweke mwenyewe. Ni mwili wake na heshima yake. Kama ana usingizi mwingi au haelewi siku, mtu mmoja wa nyumbani apewe jukumu hilo. Usiridhike na jibu la "nilienda". Uliza lini, kingi au kidogo, kigumu au laini. Siku mbili zikipita bila alama, ongeza uangalifu. Siku ya tatu, wasiliana na kliniki au kituo cha afya hata kama anacheka na kula.

Maji na chakula vina nafasi yake. Dona kuliko sembe, maharage, mchicha, matembele, kisamvu, papai, ubuyu. Lakini sitarudia kosa langu la kudhani papai linatosha. Mtu anayetumia klozapini, au mchanganyiko wa dawa nilioutaja, mara nyingi atahitaji dawa ya kulainisha choo ya kila siku, tena kabla tatizo halijaanza. Zipo zinazouamsha utumbo kama senna na bisakodili, na zipo zinazovuta maji ili choo kilainike kama laktulosi. Daktari atachagua ipi na kiasi gani. Zile za unga wa nyuzinyuzi zinazovimba ndani ya tumbo hazifai kwa utumbo uliopungua mwendo. Zinaongeza mzigo bila kuusukuma.

Mwendo wa mwili nao husaidia. Mgonjwa anayelala mchana kutwa, utumbo wake nao hulala. Atembee, afagie uwanja, achote maji, afanye anachoweza. Na apewe muda na faragha chooni. Katika nyumba ya kupanga yenye choo kimoja kwa familia sita, mtu anayehitaji dakika ishirini hugongewa mlango mara tatu na kuondoka bila kumaliza. Zungumzeni, mtafutieni wakati wake, hasa asubuhi baada ya chai, ambapo utumbo huwa na mwamko wa kawaida.

Wanaotumia klozapini wana jambo moja zaidi. Dawa hiyo huleta mate mengi usiku mpaka mto unalowa, na wapo wanaopewa dawa ya kukausha mate. Baadhi ya dawa hizo nazo huusimamisha utumbo. Muulize daktari: "Hii ya mate itafanya nini kwenye choo?"

Usisubiri asubuhi

Mtu anayetumia dawa za akili apelekwe hospitali usiku huohuo, si zahanati ya jirani ya kupewa Panadol, akiwa na dalili mojawapo kati ya hizi: maumivu makali ya tumbo au yanayozidi kwa saa nzima, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika, hasa matapishi ya kijani au yenye harufu ya choo, kutopata choo pamoja na kutotoa gesi kabisa, damu kwenye choo au kuharisha ghafla baada ya kufunga, homa, jasho jingi, kulegea au mapigo ya moyo kwenda mbio pamoja na shida ya tumbo.

Mkifika mapokezi, sentensi ya kwanza iwe hii: "Anatumia dawa zinazoweza kusimamisha utumbo, na hajapata choo siku kadhaa." Taja siku. Toa maboksi. Msianze na "ni mgonjwa wa akili", kwa sababu nasikitika kusema, katika baadhi ya milango yetu maneno hayo huwafanya watu waache kulitazama tumbo.

Na jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote: usimwachishe mtu dawa zake za akili kwa sababu ya makala hii. Kuacha ghafla kunaweza kumrudisha mgonjwa kwenye hali mbaya kuliko ya mwanzo, na kwa klozapini, aliyeikosa kwa siku mbili au zaidi haruhusiwi kuirudia kwa dozi yake ya zamani bila daktari. Choo kigumu kina tiba. Dozi inaweza kupunguzwa, Artane inaweza kuondolewa taratibu kama haihitajiki, dawa inaweza kubadilishwa. Yote hayo yafanyike kliniki.

Kwa wenzangu

Nimewahi kubishana na wenzangu kuhusu hili. Wanasema tukiwatajia wagonjwa madhara yote wataziacha dawa, na kijijini hakuna wa kuwarudisha. Hofu hiyo naielewa. Lakini uzoefu wangu unaniambia vingine. Mgonjwa aliyeonywa akifunga choo anarudi kliniki kuuliza. Asiyeonywa akifunga choo anaacha dawa kimyakimya, au anakaa nayo mpaka aletwe amebebwa. Na familia iliyozika mtu kwa jambo ambalo daktari alilijua na hakulisema, haitamleta mgonjwa mwingine kwetu.

Wengine wanasema hakuna muda. Kliniki ya akili katika hospitali nyingi ina daktari mmoja na foleni ndefu. Hilo ni kweli na nimelifanyia kazi. Lakini swali lenyewe ni fupi kuliko sahihi yangu: "Umeenda choo lini mara ya mwisho?" Muuguzi anayepima uzito na presha anaweza kuliuliza na kuliandika. Naomba kila kadi ya kliniki ya akili iwe na mstari wa choo, kama ilivyo na mstari wa uzito.

Naomba pia dawa za kulainisha choo zitolewe kwenye dirisha lilelile zinapotolewa dawa za akili. Senna imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, si anasa. Haina maana kumpa mtu dawa inayosimamisha utumbo kwa miaka, kisha kumwambia ile ya kuuamsha akanunue mwenyewe akipata hela.

Na yanapotokea madhara makubwa, tuyaripoti. Hapa nchini Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hupokea taarifa za madhara ya dawa kutoka kwa wahudumu wa afya na hata kwa wananchi. Tunazo takwimu za New Zealand kwa sababu madaktari wa kule waliandika taarifa. Kifo cha yule kijana sikukiripoti. Kwenye cheti niliona sababu ikiandikwa kuziba kwa utumbo, bila neno lolote kuhusu dawa, nami nikanyamaza. Kwa hesabu za nchi, dawa zile hazijamdhuru mtu.

Sasa ninapokaa na mgonjwa mpya na mzazi wake, nawaambia mambo matatu kabla sijaandika dawa: itasaidia nini, inaweza kudhuru wapi, na mkiona nini mje mbio. Tumbo lipo kwenye orodha, tena juu. Wapo wanaocheka kwa aibu, hasa mama anapokuwa amekaa na mwanawe mtu mzima. Nawaacha wacheke, kisha nauliza tena. Mzazi akisema siku ya tatu haijapita vizuri, naweka kalamu chini na kumwomba mgonjwa apande kitandani nilipapase tumbo.

Kama wewe ni mzazi na unakwenda kliniki wiki hii, usimsubiri daktari aulize. Sema kabla hajamaliza kuandika, na useme kwa sauti. Akikujibu papai bila kuinua kichwa, rudia tena.